Maji ya Mahira

Mwangaza uliingia kwa tundu za dirisha ukakuta vumbi. Vumbi tu, likielea juu ya kitanda, na hapana aliyelipangusa. Ilikuwa asubuhi mtaani Kuze, mwaka wa tisini na nne, na Mahira amelala chini ya mwangaza ule, amefungwa nailoni toka utosini hadi nyayoni, vile vile alivyotolewa hospitali.

Wanawake walijaa ukumbini. Maji yalishatekwa, majani ya mkunazi yalishatwangwa, kafuri ilishasagwa, udi wafuka. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Hapana aliyeingia.

Saif, kaka yake, alisema nyuma ya pazia, "Mfungeni sanda juu ya hiyo nailoni. Tutamswalia adhuhuri." Saif hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, na mwaka ule nani hakuogopa?

Mwanakuu alisimama kando ya ndoo. Yeye na Mahira walikuwa mashoga toka chuo cha Kurani, wakatunga pamoja vikuba vya asumini vya kuwauzia maharusi, Mahira achagua maua, Mwanakuu apitisha uzi. Siku zake za mwisho Mahira alimshika mkono. "Shoga, usiniwate nikazikwa kama mzigo wa bandari ya Kilindini. Nioshe." Naye akaahidi.

Kuosha si kazi ya kumshinda mtu. Lakini atakayevuka mlango ule ataulizwa ujasiri ameutoa wapi, na Mwanakuu alikuwa na jibu moja tu, jibu alilomficha hata mamake. Akilisema, ni biharusi gani atakayevaa asumini iliyopita mikononi mwake?

Bi Mwanabaraka, mwosha wa mtaa, alikaa mkekani, mikono mapajani. Mama na nyanya za wote mle ndani, ni yeye aliyewaosha. "Hili siliwezi, wanangu," alisema. "Nina wajukuu."

Mwanakuu alitazama chumbani. Nailoni ilikuwa imeingia ukungu, uso wa shoga yake hauonekani. Uchungu ukampanda, kisha hasira. Akavua buibui, akakunja mikono ya kanzu.

"Bi Mwanabaraka," alisema, wala hakupaza sauti, "Ukimwi uliomuua Mahira ninao na mimi. Mwaka wa tatu huu. Twalikuwa twenda pamoja Tudor, kwenye kikao cha wagonjwa, na huko tumefunzwa. Uvae glavu, usiguse damu yake kwa mkono mtupu, ukimaliza unawe kwa sabuni. Basi. Mimi nitamwosha, ila mpango wake siujui. Nifunze."

Akatoa mkobani glavu, jozi mbili, moja akaiweka mkekani. Mtu mmoja alikivuta kikombe chake upande wa pili. Mwanakuu alimwona, akaingia.

Akaikata nailoni kwa mkasi wake wa nyuzi, akamfunika Mahira shuka, akateka kata ya kwanza.

"Usianzie kichwani. Mtawadhishe kwanza."

Bi Mwanabaraka alikuwa mlangoni, avaa glavu zile za mkekani. Akaingia. "Sasa upande wa kulia. Polepole, mbavu zake hizi."

Wakamwosha. Maji ya mkunazi, maji matupu, maji ya kafuri. Wakamsuka nywele misuko mitatu, na Mwanakuu akalia kilio alichokizuia tangu alfajiri.

"Na mimi, bibi?" aliuliza. "Siku yangu, ni nani?"

Bi Mwanabaraka hakuinua uso. "Nikiwa hai, ni mie. Nisipokuwapo, ni hao walioko ukumbini, nitawafunza. Haya, shika kichwa."

Asumini ya Mwanakuu haikununuliwa wiki ile, wala iliyofuata. Hilo alilijua kabla ya kuvua buibui.

Asubuhi ile mle chumbani, mwangaza ulikuwa umeshuka kitandani, umefika sakafuni, palipomwagika maji. Vumbi la pale lilikuwa limelala. Na pembeni, nguo zao wamezikunja zisilowe, walisimama wanawake wawili walioingia kimya kimya, watazama vile kazi inavyofanywa.