Siku Nilipomuua Mulopwe

Watu wanasema Mwalimu Talitha ana kiburi. Wanasema kweli. Mtu aliyefanya nilichofanya mimi mbele ya Kamina nzima, halafu akose kiburi, huyo apelekwe hospitali.

Maneno yalianzia kwa Théo, mwalimu wa Kifaransa, kijana aliyetoka Likasi na akili nyingi na viatu safi. Ilikuwa mwaka wa 1999. Treni hazikuja tena, wakimbizi wa vita kutoka Mulongo walikuwa wanalala katika madarasa yetu, na askari walikuwa kila kona ya mji. Théo akasema mji usipopata kitu cha kuangalia utaoza kwa woga. Akaandika tamthilia ya machozi na damu, kama zile za zamani alizofundisha darasani, ila yake aliileta kwetu, katika nyumba ya mulopwe, mfalme wa Waluba. Ndani yake kuna mama mmoja, muke wa mdogo wake mfalme. Mama anataka bwana yake atawale. Bwana anaogopa. Basi mama anaingia kazini mwenyewe: anamsifu mulopwe, anambembeleza, anamtilia sumu kwenye munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, halafu anamlilia kuliko ndugu zake wote.

Nilipoisoma, mwili ulinisisimka. Miaka yote katika michezo ya Noeli nilikuwa Maria, au Elizabeti, au malaika wa pembeni. Huyu sasa alikuwa mtu!

Wamama wote waliikataa nafasi hiyo. Théo, kwa kukosa, akampa Esdras, mwalimu wa michezo, akamvalisha kikwembe na kumtia matambara kifuani. Aka! Damu ilinichemka.

"Théo, weye unatuzarau," nikamwambia. "Uyu Esdras hata chumvi hajue kutia mu chakula. Sumu ataitia namna gani?"

Nikamnyang'anya karatasi zake papo hapo. Esdras mwenyewe akaniambia aksanti.

Shida ni kwamba nilikuwa kiongozi wa kwaya ya wamama. Kwaya ile niliijenga kwa mikono yangu, tangu wakati wamama walikuwa wanaimba kila mmoja na njia yake. Jumapili nikiinua mkono na sauti zote zikiinuka pamoja, nilisahau vita, nilisahau mshahara usiokuja, nilisahau mpaka jina langu. Sisemi uongo, kwaya ilikuwa roho yangu. Basi Mama Phébé, mukubwa wa komite ya wamama, akanifuata nyumbani, Biblia kwapani.

"Mama Talitha, kiongozi wa kwaya hawezi kuwa mulozi mbele ya bantu."

"Ni muchezo tu, mama."

"Bantu haiko banaachanisha muchezo na mambo ya kweli. Kama banatoka pale banakuita mulozi, kwaya utaiacha. Njo vile komite imekata."

Bwana yangu Lazare, karani wa gare ya treni, akaniuliza nachagua nini. Nikamjibu sichagui, nachukua vyote viwili. Akacheka, akasema Mungu aisaidie Kamina.

Tulijizoeza katika darasa la mwisho, milango imefungwa. Mulopwe alikuwa Jephté, mwalimu wa hesabu, shati la mikono mifupi na kikombe cha plastiki. Kila siku alikunywa sumu yangu huku anatafuta miwani yake. Hakuna aliyemwogopa, hata mimi niliyekuwa namuua.

Kosa lilitoka Kabongo. Théo alitaka mavazi ya kweli, akaenda kuyaomba kwa jamaa moja ya machifu huko. Wakakubali kuazima: ngozi ya chui, shanga, na fimbo ya enzi ya kuchongwa. Vitu vile havisafiri peke yake, kwa hiyo mzee mmoja alikuja navyo, Tata Nyembo, akaketi mbele kabisa kuvilinda. Kando yake akaketi komanda wa askari, na chupa yake ya soda, na vijana wake wenye bunduki ukutani.

Tulianza mchana, kwa sababu umeme haukuwepo. Ukumbi wa paruasi, pale kanisani kwetu, ulijaa mpaka madirishani. Jephté akatoka. Mama yangu! Yule hakuwa tena mwalimu wa hesabu. Chui begani, shanga kifuani, fimbo mkononi. Tata Nyembo akapiga magoti na kupiga makofi ya heshima polepole, na watu wote wakafuata. Hapo ningepaswa kuelewa. Sikuelewa, nilikuwa nawaza maneno yangu.

Ikafika saa ya munkoyo. Mulopwe akasema ana kiu. Nikasogea na kikombe, nikatoa unga mweupe katika pindo la kikwembe, nikauinua juu kama Théo alivyonifundisha, ili hata wa mlangoni auone. Nikawageukia watu wangu.

Visogo! Visogo na vitambaa vya kichwa! Ukumbi mzima umeinama, Tata Nyembo ameupa ukuta uso wake.

Kwetu mulopwe hanywi wala hali mbele ya macho. Akiomba kinywaji, unainama au unageuka mpaka amalize, kwa maana anayemwona anakunywa kama muntu yeyote anajitafutia laana. Théo wa Likasi hakujua. Mimi nilijua tangu nikiwa mtoto, lakini nani angewaza kwamba watamfanyia vile Jephté?

Nikatia sumu, hakuna aliyeona. Jephté akanywa, akaanguka vizuri sana, fimbo ikagonga mbao, na watu wakainua vichwa. Wakamkuta mulopwe amekufa na mimi nimemlalia kifuani nalia. Yo! Wamama walipiga kelele ya matanga ya kweli. "Pole, mama! Pole!" Mama Phébé alilia mpaka kitambaa kikamwanguka.

Halafu akaingia Mira, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyecheza mtumishi. Akaninyooshea kidole kama ilivyoandikwa. "Minyi niliona! Mama uyu njo alitia sumu!"

"Bongo!" ukumbi ukajibu. "Muongo weye! Unamusingizia mama ya bantu!"

Mira akarudia. Wakamzomea, maganda ya karanga yakamrukia. Maneno yote yakamtoka kichwani. Komanda akamgeukia askari wake.

"Mufunge uyu musichana."

Watu wakacheka. Komanda hakucheka, na askari akaanza kutembea.

Nilisimama pale juu, na katika hofu ile nikaelewa kitu: nimepona. Machoni mwao mulozi alikuwa Mira. Mama Phébé alikuwa ananiangalia na tabasamu la machozi, komite nzima ilikuwa upande wangu. Nikinyamaza kidogo tu, Jumapili nasimama mbele ya kwaya yangu. Lakini Mira atolewe nje kwa kosa langu? Tena kazi yangu, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, ipotee hivi hivi? Nimeua mulopwe, na bado wananipa pole!

Nikaokota kikombe.

"Muache mutoto wa bantu," nikamwambia askari. Akasimama, sijui kwa nini. "Anasema kweli. Ni minyi."

Maneno yaliyofuata Théo hakuyaandika.

"Nilijua mutafunika macho. Njo maana nilingoja saa ile. Sikutafuta giza, sikutafuta mulango wa kufunga. Mukubwa anakunywa, siye wote tunainama: njo desturi yetu, na ni minyi niliitumia. Nilitia sumu katikati yenu, mchana, na hakuna hata mumoja aliniuliza kitu." Nikatoa unga uliobaki, nikautia tena, polepole. "Sasa muangalie."

Na waliangalia, wote. Komanda aliitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka chini, akatoka na vijana wake. Tata Nyembo akainuka kwa shida.

"Mwanamuke," akasema, "ulituua siye wote pamoja naye."

"Ndiyo, Tata."

"Mulozi!" mzee akapiga kelele, na ukumbi ukaitika, "Mulozi! Mulozi!" mpaka mabati yakalia. Nilisimama na kidevu juu. Maisha yangu yote hakuna aliyeniimbia kwa nguvu vile. Pembeni Théo alikuwa analia, na Mira amenishika kikwembe kwa nyuma.

Siku iliyofuata Mama Phébé alikuja kuchukua nyimbo za kwaya. Nilimpa zote, na nililia mbele yake bila kujificha. Yeye pia alikuwa na huzuni, nasema ukweli.

"Ungenyamaza tu, Mama Talitha," akasema. "Hakuna muntu alikuwa ameona."

"Njo ile ilinishinda, mama," nikamjibu. "Hakuna muntu alikuwa ameona."