Ukuta wa Shangazi

Kila asubuhi, kabla chai yake haijapoa, mhandisi wa kituo cha hali ya hewa alielekeza mwale wa leza bondeni, kwenye ukuta wa nyumba ya shangazi yake. Chombo cha kurusha mwale huo alikiunda mwenyewe. Kilirusha mwanga hewani na kuupokea tena uliporudishwa na vumbi, na kwa namna rangi yake ilivyobadilika, kasi ya upepo ikajulikana. Ukuta, kwa kuwa hauendi popote, ulipaswa kusoma sifuri. Ukisoma vinginevyo, kosa ni la chombo, na kanuni ya kituo iliagiza kosa hilo litolewe katika vipimo vyote vya siku.

Jumatatu ukuta ulisoma mita thelathini na moja kwa sekunde, kuelekea magharibi.

Mhandisi alifuta lenzi, akapima tena. Jibu likawa lile lile. Akainua mwale hadi kule mawingu yanakotokea, akakuta upepo wa mita thelathini na tatu ukija. Akaenda kwa mkuu wa kituo, aliyekuwa akimenya chungwa.

"Mkuu, dhoruba inakuja."

"Umetoa kosa la ukuta?"

"Si kosa. Ukuta wenyewe ndio unaokwenda."

"Ukuta uende, umeota miguu? Toa thelathini na moja kwenye thelathini na tatu, binti. Zinabaki ngapi?"

"Mbili."

"Basi, upepo mwanana. Andika upesi, redio wanasubiri."

Akaandika.

Alasiri alishuka bondeni. Nyumba ilikuwa pale pale ilipojengwa, nayo ilikuwa safarini. Mapazia yalinyooka kuelekea ndani, kuku walitembea uani wakiwa wameinama, na shangazi amefunga kilemba hadi chini ya kidevu. Kwa jirani, hatua chache tu kutoka hapo, unyoya ulilala mchangani bila kutikisika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Shika mlango vizuri usije ukakupiga. Nyumba hii inakwenda tangu alfajiri, hata sukari haikai kijikoni."

"Twende ukalale kwangu. Dhoruba inakuja."

Shangazi akaongeza sauti ya redio. Upepo mwanana, ilisema, kwa maneno yale yale aliyoyaandika mhandisi.

"Si wewe uliyeandika haya? Mtaa mzima nimewatambia kwamba mtoto wa kaka yangu hakosei. Leo wanione nimebeba godoro, naukimbia utabiri wako? Unataka nichekwe?"

"Niliambiwa niandike hivyo, shangazi."

"Sasa nimwamini nani, wewe wa redioni au wewe wa mlangoni?" Akamtazama toka juu hadi chini, akacheka. "Wa redioni angalau sauti yake haitetemeki. Kaa unywe chai."

Mhandisi alikunywa chai iliyoinama kikombeni, akipokea mikononi ile iliyomwagika, kisha akaaga.

Jumatano dhoruba ilifika. Nyumba ya shangazi iling'oka nzima nzima, ikapita mbele ya dirisha la kituo kuelekea magharibi, kwa kasi ile ile iliyosomwa. Shangazi alikuwa ameketi dirishani, redio mapajani. Alimpungia mhandisi mkono. Mkuu wa kituo, kwa adabu, naye akampungia. Nyuma ya shangazi zikafuata nyumba za majirani, ambao hawakuhama kwa kuwa yeye hakuhama.

Upepo ulipotulia, mkuu alisoma vipimo kwa makini.

"Chombo chako ni kizima kabisa, binti, hongera. Tatizo lilikuwa ule ukuta." Akachungulia bonde lililobaki tupu, kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Tumia ule wa shule. Ni mrefu, na umepakwa chokaa juzi tu."

Jumatatu iliyofuata, kabla chai yake haijapoa, mhandisi alielekeza mwale kwenye ukuta wa shule. Ulisoma mita ishirini na saba. Kwa mbali aliwaona wanafunzi wamepanga mstari uani, kila mmoja amekumbatia madaftari yake yasipeperuke, na miti ya barabarani imetulia tuli.

Akainua mwale hadi mawinguni, akasoma.

"Umetoa?" mkuu aliuliza kutoka chumbani kwake.

Mhandisi aliutazama ule mstari wa watoto mpaka kengele ikalia, nao wakaingia darasani, wa mwisho akiusukuma mlango kwa bega.

"Nimetoa," akasema. Redio walikuwa wanasubiri.