Meneja wa Tawi la Nyamwage

Mzee Ladha alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Kibiti, na watoto wawili. Hitesh, mkubwa, aliishi Dar es Salaam akijaribu kazi hii na ile. Riddhi, binti yake, alibaki dukani. Aliposema anataka kuja kuongoza biashara, baba yake alimwambia aanze kwa kupokea mzigo. Akaupokea. Akajua fundi gani hushika neno lake na yupi wa kumkwepa, na jioni akasomea biashara kwa simu.

Ndiye aliyeona kuwa wateja wengi wanatoka ng'ambo ya Daraja la Mkapa, wanakodi bodaboda kwa ajili ya mabati mawili matatu. Akamshawishi baba yake wafungue tawi huko huko, Nyamwage. Ladha akakubali shingo upande. Riddhi akaliendesha mwenyewe, na akamwajiri Safina, binti wa wakata mikoko wa delta, akamfundisha kuagiza mali, kupanga bei na kuongea na mafundi.

"Siku nikishika nafasi ya baba," alimwambia, "meneja wa hapa ni wewe."

Tawi likashika kasi, likalipita duka mama. Kisha Ladha akapatwa na kiharusi. Alipopata nafuu akamwita Hitesh arudi. Riddhi alizisikia habari hizo akipeleka chai: kaka yake ndiye mkuu, naye Riddhi amwelekeze kazi mpaka atakapoolewa.

Akaenda kwa bibi yake, Ambaben, ambaye zamani, mumewe alipougua, ndiye aliyelisimamisha duka lile. Bibi alikuwa anachagua mchele, wala hakuinua uso.

"Nilifanya kazi mimi, akasifiwa babu yako."

"Ndiyo maana nakuomba uongee na baba, Bibi."

"Ningekuwa na neno la kusikilizwa, mjukuu wangu, ningelisema kwa ajili yangu."

Hitesh aliona Nyamwage ni mbali, akalifunga tawi. Safina aliachishwa kazi kwa simu. Riddhi naye akaacha duka, akaenda kumtafuta ili waanze upya, wawili. Alimkuta kando ya barabara na meza yake ya misumari na kufuli, mafundi wale wale wamemzunguka. Safina alimsikiliza mpaka mwisho huku akihudumia watu.

"Dada Riddhi, uliniahidi kitu kisicho chako. Sikulaumu. Ila hapa sina bosi, wala simtafuti."

Riddhi akasema hakuja kuwa bosi. Safina akatazama mezani, ambako mgeni wake alikuwa ameshaanza kuzipanga upya kufuli, kubwa kwa ndogo, bila kuombwa.

"Mikono yako inasema vingine," alisema taratibu.

Riddhi akaiondoa mikono, akasogea kumpisha mteja.

Sasa anauza katika duka la mtu baki huko Mkuranga. Hitesh humpigia mara kwa mara kuuliza mali inaagizwa wapi, fundi yupi wa kuaminiwa. Riddhi humjibu yote. Ni kaka yake, na hakuna mwingine anayemuuliza.