Aligusa Mpira Kwanza

Bakr alikuwa hakaliki. Tangu alipotoka kusali Alasiri alikuwa akienda dirishani, akirudi, akiketi, akiinuka tena. Timu yake ilikuwa uwanjani ikirudiana na vijana wa Pate, na yeye, beki wao wa kutegemewa, alikuwa amefungiwa nyumbani na adhabu ya kadi nyekundu. Kelele za mashabiki zilimfikia juu ya mapaa, zikipanda na kushuka, asijue nani kafunga.

"Njoo tucheze, utanitobolea mkeka," alisema mkewe, Nasreen, akimrushia padi ya gemu.

Nasreen alisomesha fizikia sekondari, na gemu hili jipya la soka alilipenda kuliko mumewe. Waliolitengeneza, alisema, walikuwa wamehesabu uzito wa mtu na kasi yake. Mchezaji wa miraba minne hageuki upesi kama mwembamba, na anayepigwa dafrau mbioni haanguki pale pale kama gunia. Mwili wake huendelea kule ulikokuwa ukielekea.

Hawakucheza sana. Winga wa Nasreen alichomoka, beki wa Bakr akateleza chini kwa miguu miwili, filimbi ikalia. Kadi nyekundu.

"Nimegusa mpira kwanza!" Bakr alipiga kelele.

Ndiyo maneno aliyomwambia refa siku ya mechi ya kwanza, Muhdhar, winga wa Pate, alipotolewa uwanjani kwa machela. Ndiyo aliyowaambia watu msikitini, barazani na sokoni, hata wakawa wanamkwepa.

Nasreen alirudisha tukio polepole. Kiatu kiligusa mpira, mpira ukaenda zake. Kisha kiatu kikaendelea, kikaukuta mguu uliokanyaga chini, goti likapinda, mtu akapinduka.

"Kweli umeugusa," alisema. "Na mwili wako ulikwenda wapi baada ya hapo?"

"Gemu linadanganya. Mtu hapinduki vile."

"Muhdhar alipindukaje?"

Bakr aliitupa padi. Nasreen aliinuka. Aliuchukua mpira uliokuwa nyuma ya mlango, akashuka nao kiwandani, pale uani, akajifunga leso kiunoni.

"Haya. Nikate kama ulivyomkata."

"Acha mzaha, Nasreen."

"Sifanyi mzaha."

Alianza kuusukuma mpira, akija mbio. Bakr alimwendea kwa hasira, akainama kuteleza, akasimama ghafla. Akarudia. Akasimama tena.

"Mbona husogei?"

"Nitakuumiza."

"Hata ukigusa mpira kwanza?"

Bakr alimtazama mkewe akihema mbele yake, jasho likimtiririka. Alivaa ndara, akatoka bila kuaga.

Alipita vichochoro mbio mbio, akigongana na watu waliokuwa wakirudi kutoka uwanjani. Watu wa Pate walikuwa tayari gatini wakingoja boti. Muhdhar aliketi kando yao, magongo mapajani, mguu umefungwa plasta. Alikuwa amekuja kuwatazama wenzake wakicheza.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam."

"Nilitaka kukwambia, ule mpira…"

"Uliugusa kwanza," Muhdhar alimkata kauli. "Niliona kwa mato yangu. Hata mamangu nimemwambia. Na mguu umevundika vile vile."

Maneno yote aliyoyapanga Bakr njiani yalimpotea. "Niwie radhi," alisema mwishowe.

Muhdhar alitazama maji. "Yeo siwezi kukujibu. Labda siku nyengine."

Nahodha wa boti aliwaita. Wenzake Muhdhar walishuka wakirukaruka, wakipakia mabegi yao. Ngazi za gati zilikuwa zimeota mwani, zinateleza. Muhdhar alizipima kwa macho, akayapima na magongo yake.

"Nishika," alisema. Haikuwa sauti ya rafiki.

Bakr alitangulia ngazi moja chini, akamzungushia mkono kiunoni. Muhdhar alimwegemea, na uzito wake ukamshukia Bakr begani wote kwa pamoja, hata akayumba. Hakujua kwamba kijana mwembamba vile huwa mzito hivi. Walishuka taratibu, Bakr akiuweka kila wayo wake kwa hadhari, pumzi kaizuia, mpaka mikono ya watu botini ikampokea Muhdhar.

Bakr aliwapa na magongo. Muhdhar hakugeuka. Boti ilipiga mashine ikaondoka, naye akabaki kwenye ngazi ya chini, maji yakimpiga vifundoni, asijue mikono yake aiweke wapi.