Uendako Nipo

Mwajabu hasinzii. Anausubiri tu ule mstari wa kijani ujae, mstari unaotambaa chini ya kioo cha kompyuta kila gemu inapojiandaa kufunguka, na mchana wa Tanga una joto la kulegeza mifupa, na feni inazunguka kwa uvivu, na mumewe Mbelwa yuko chumbani amejinyoosha, ule mguu uliobanwa na basi ameuweka juu ya mto. Amemwachia kazi. Mama Zena, amemwambia, itazame hii gemu, kikulacho ki nguoni mwako, humu humu ndani kuna kitu kinaiua. Nataka nifike Same hata mara moja tu, kabla sijaisahau barabara. Na Mwajabu amejibu sawa, baba Zena, huku moyoni anajua tayari ni kitu gani, tena kina jina, kinaitwa Yusra.

Maana barabara ni yake yeye Mwajabu. Zamani waliishi Same, na Mbelwa akirudi na basi kutoka Tanga alikuwa na honi yake, mbili fupi na moja ndefu, akiipiga kabla ya kona ya mwisho, na Mwajabu akiisikia hutenga chai jikoni na kutoka mlangoni. Alipoumia wakahamia Tanga karibu na hospitali, na basi likabaki la kwenye kompyuta. Ni Mwajabu aliyejifunza, pale steshenari kwake, baina ya mteja wa fotokopi na mteja wa picha za pasipoti, namna ya kuibandikia gemu ya mabasi zile nyongeza ambazo wachezaji huziita modi. Kona kwa kona, shamba la mkonge kwa shamba la mkonge, akamrudishia mume barabara yake. Mwisho wake akaijenga nyumba yao ya Same, na mlangoni akamsimamisha mwanamke, ndiye yeye huyo, anamsubiri dereva. Uso ulimshinda, akauacha mtupu. Kanga aliiweza, uzi kwa uzi, hata na jina lake: UENDAKO NIPO. Ndipo akatokea Yusra, mtengeneza modi mwenzake, mtu wa sauti tu kwenye simu, akawaletea mji mzima wa Mombo kama zawadi, na mvua yake, na moshi wa mahindi ya kuchoma, na meza ya chai, na nyuma ya meza mwanamke anayesema karibu dereva, kaa upumzike. Sauti ni ya Yusra mwenyewe. Mbelwa akifika pale huzima injini akakaa, na anakaa mpaka chai ya kweli, ya Mwajabu, inapoa kwenye stuli. Mke mwenza wa nyama na damu unamjua kwa viatu vyake mlangoni, lakini huyu utamfanya nini? Na tangu mji ule uingie, gemu inajizima ovyo, leo kwenye kona, kesho kwenye mteremko, kioo cheusi, safari imekufa. Njia ya kumtafuta mkosaji ni moja. Unazima nusu ya modi, unaendesha. Ikifa tena, ubaya umo katika nusu iliyobaki, nayo unaikata nusu, hivyo hivyo mpaka ibaki moja. Mwajabu ameanza kwa kuutia mji wa Yusra kwenye nusu ya kuzimwa. Mstari wa kijani unajaa, unajaa, kioo ni baridi kwenye paji la uso wake, halafu si baridi tena, na Mwajabu amesimama barabarani.

Ni barabara yake, anaijua hata kwa viraka vya lami, ila sasa haina mwanzo, nyuma inaendelea vile vile kama mbele, na milima iko kushoto na iko kulia, ile ile, kana kwamba mtu aliikunja picha kabla rangi haijakauka. Anatembea. Anafika Korogwe, anatoka Korogwe, anafika Korogwe, na hii ya pili imegeuzwa, mabango yake yanasomeka kutoka kulia na saa ya stendi inarudi nyuma. Kando ya barabara amesimama mtu aliyejitanda nguo yenye maandishi yaliyopinduka, na mahali pa uso pana nafasi tupu, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Shikamoo, anasema Mwajabu, maana mtu usiyeujua umri wake ni heri umwamkie. Marahaba, anasema yule, umepoteza nini? Mume wangu hafiki, dunia inamkatikia njiani, natafuta kinachoikata. Yule anainua mkono, na ukutani, ukuta ambao haukuwapo, ipo swichi kubwa kama ile ya steshenari. Zima nusu, anaambiwa. Nusu ipi? Usiyoipenda. Hilo si fumbo, anasema Mwajabu, hilo nalijua. Basi mbona umeuliza?

Mwajabu anabonyeza. Mbele huko Mombo inatoweka na mvua yake, na mwanamke wa chai anakatwa katikati ya neno karibu, na Mwajabu anasikia raha, raha ya kweli, ile ya kusikia pilau la jirani limeungua. Ndipo inakuja honi, mbili fupi na moja ndefu, na basi la Mbelwa linaibuka kwenye kona, na kabla halijamfikia mbingu inakuwa nyeusi na kila kitu kinakwisha. Kisha barabara ipo tena. Na mtu asiye na uso yupo tena, au mwingine kama yeye, upande wa pili. Zima nusu. Anazima vituo vya mafuta, anazima mahindi, anazima upepo wa mkongeni, na kila akizima honi inakuja, na honi ikija dunia inakufa, na ikirudi amesimama penye Korogwe iliyogeuzwa, na wasio na uso wamezidi, wako juu ya mapaa, wako madirishani, wanamtazama bila macho. Hasira zinampanda. Yusra nimemzima, anasema kwa sauti, nimemzima wa kwanza, kitu gani tena kinaiua? Yule wa karibu anasema, kitendawili. Mwajabu, pamoja na hasira zake zote, anajikuta anajibu, tega. Niko nyuma yake, niko mbele yake, niko ubavuni mwake, na bado hawezi kunifikia. Kivuli, anasema Mwajabu. Siyo. Barabara. Siyo. Yusra. Siyo, na huyo unamtaja sana, hata mwenyewe akisikia ataona haya. Umeshindwa, nipe mji. Mwajabu hafikiri mara mbili, chukua Mombo. Mombo umekwisha uzima, anasema yule, tena haukuwa wako, nipe ulio wako. Haya, anasema Mwajabu, chukua Korogwe.

Nimekwenda Korogwe, anasema asiye na uso, kwa sauti ya taratibu ya mtu aliyepewa mji wake. Nimekula, nimekunywa, nimetembea. Nimefika stendi nikakukuta wewe. Kwenye duka la dawa, wewe. Kituo cha mafuta, wewe umeegemea pampu. Nikasema labda Mombo sitakukuta, kumbe uko nyuma ya meza ya chai, tena hapo mko wengi. Mwajabu anataka kusema si kweli, lakini anaitazama nguo ya yule mtu, ile nguo yenye maandishi yaliyopinduka, anaisoma kutoka kulia, na mkono unakwenda wenyewe kifuani kwake penye kanga kama ile. Ndiyo, aliwaweka. Kila jioni chai ilipopoa kwenye stuli alisubiri mume alale, akafungua faili, akaongeza mwanamke mmoja. Mmoja tu, alijiambia, ili baba Zena akipita amwone. Kesho yake mwingine. Hakuwahesabu, nani anajihesabu mwenyewe? Na kila mmoja kavaa kanga ya uzi kwa uzi, mzigo wa kuishinda kompyuta yoyote ya mtaani. Wakiwa wachache barabarani basi linapita. Wakikusanyika, pumzi ya mashine inakatika.

Sasa wanakuja, wanashuka mapaa, wanatoka milangoni, na kila mmoja anamsukuma mwenzake. Honi ile ni yangu mimi, anasema mmoja. Yako wapi, anasema mwingine, mimi ndiye nilikuwa namtengea chai. Honi inalia, mbili fupi na moja ndefu, na wote wanakimbilia lami wakipunga mikono, na kwa mara ya kwanza Mwajabu anaiona sura ya Mbelwa dirishani. Hamtazami hata mmoja wao. Anatazama mbele, kwa macho ya mtu anayetafuta mlango mmoja. Kisha giza. Likiondoka, Mwajabu ameketi katikati ya lami analia, na yule wa kitendawili amechuchumaa karibu yake. Anasema, mtu hafiki kwa mtu asiyemwacha. Na kwa Yusra je, anauliza Mwajabu, baba Zena anapokaa pale kwake, anatafuta nini? Dereva anakunywa chai ili aendelee na safari, anasema yule, wewe ndiye unayemtaka afike kila mahali.

Mwajabu anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Anainuka, anakwenda kwenye swichi, na kwanza kabisa anauwasha mji wa Mombo, kwa shingo upande, asidanganyike mtu kwamba amependa. Mvua inarudi, na lile neno karibu linamalizika kusemwa. Halafu anaanza kujizima. Wa stendi. Wa duka la dawa. Wa pampu. Wa nyuma ya meza ya chai, hao wanamuuma zaidi, anawazima amefumba macho. Kila mmoja anaondoka akiwa ametega sikio upande wa honi. Mpaka barabara imebaki nyeupe, nyumba ya Same inaonekana mwisho wake, na wao wamebaki wawili. Mlango ni mmoja, anasema asiye na uso. Mmoja wetu azimwe. Mimi ndiye wa kweli, anasema Mwajabu. Tumesema hivyo sote. Nina mume, nina mtoto kaolewa, nina duka. Nami nina nini, anasema yule, ila kumsubiri? Mikono miwili inaikamata swichi kwa pamoja, na Mwajabu anasikia honi, mbili fupi, na anatega sikio aipate ile ndefu.

Ile ndefu inalia sebuleni. Jua limeshuka ukutani. Mbelwa amekaa mbele ya kioo, mikono kwenye usukani wake wa plastiki, mguu juu ya mto, na Mwajabu amesimama mlangoni na kanga yake na hakumbuki kuinuka kwenye kiti. Umelala na kazi umeimaliza, mama Zena, anasema Mbelwa bila kugeuka, nimeikuta imefunguka, nikasema nijaribu. Mombo nimekunywa chai kidogo tu. Nimepita kona zote, haijafa. Kwenye kioo basi linaikata kona ya mwisho, nyumba ya Same inatokea, na mlangoni amesimama mwanamke mmoja, peke yake barabara nzima, na Mbelwa anamtazama kama ambavyo hajamtazama mtu tangu mguu uvunjike. Wivu unamchoma Mwajabu kifuani, kumwonea yule wa mlangoni Same, palepale, kabla hajajua kama ni haki yake. Anapeleka vidole usoni kwake kutafuta pua, kutafuta jicho, na anaona yule wa kwenye kioo naye anapandisha mkono. Nimefika, anasema Mbelwa. Karibu, baba Zena, anasema Mwajabu, na hajui sauti imetoka kooni mwake au kwenye spika. Mbelwa anazima injini.