Viplasta Tumboni

Hapana, hawakumpasua tumbo zima, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wangempasua kama tulivyozoea sisi, mshono kutoka juu mpaka chini ya kitovu, mumewe angetulia. Lakini yule bwana alikuwa fundi wa makochi. Kochi likibonyea, yeye huchana kitambaa chote, hung'oa sponji, mpaka aione springi iliyokatika kwa macho yake. Sasa mkewe katolewa chumba cha upasuaji, nesi kafunua shuka amwangalie, Fundi anaona nini? Viplasta. Kimoja hapa, kimoja pale, kingine kitovuni. Basi.

Akanyong'onyea. Akajua, au akadhani anajua: madaktari wamechungulia, wamekuta uvimbe umeshatapakaa kwenye utumbo mwembamba, wakafunga wakanyamaza. Mbona jirani yake wa karakana alifunguliwa akafungwa vivyo hivyo, akarudi nyumbani kuaga watu?

Kweli, daktari alikuwa amemweleza kabla. Watapitisha kamera nyembamba na vyuma virefu kwenye matundu madogo, wautoe uvimbe. Fundi akaitikia "ndiyo daktari, ndiyo daktari," kama mtu anayesikia redio ya jirani. Na baada ya upasuaji hakuuliza. Angeulizaje? Akijibiwa vibaya, imekwisha. Asipouliza, bado ana mke.

Akamvuta pembeni shemeji yake, dada wa mgonjwa.

"Shemeji, usimwambie kitu. Tumpe raha tu."

Shemeji akaziba mdomo kwa mtandio.

Kesho yake wakaingia wodini na sura za msibani. Daktari alisharuhusu uji mwepesi, utumbo uanze kazi. Fundi akamketisha mkewe, akamwekea mto mgongoni, akamfuta uso, akamwita mpenzi. Mpenzi! Mwanamke aliyekuwa akiitwa "we mama" tangu mtoto wa kwanza. Mgonjwa akamtazama mumewe, akamtazama dada yake anayejifanya kutafuta kitu kwenye kikapu, akaelewa anavyoelewa. Akausukuma uji.

"Sitaki."

"Kidogo tu, mpenzi."

"Wa nini? Mtu anayeondoka anabeba uji?"

Akageukia ukutani. Asubuhi hivyo, mchana hivyo. Nesi akaja juu: mama huyu asipokula, kidonda cha ndani kitaponaje? Ndipo Fundi akaona kwamba ataimaliza kwa mikono yake roho ile ile anayoililia. Akamfuata daktari, mama mmoja mfupi, mlangoni pa wodi.

"Daktari, niambie ukweli. Mlishindwa?"

"Tulishindwa nini?"

"Kuutoa. Vitundu vile haviwezi kupitisha kitu."

Daktari hakucheka. Akamrudisha mpaka kitandani, akavuta pazia, akabandua taratibu plasta ya kitovuni. Chini yake kulikuwa na mshono wa urefu wa kidole.

"Ni hapa, mzee wangu. Utumbo unavutika. Tuliutafuta uvimbe kwa kamera, tukakitoa nje kipande cha utumbo chenye uvimbe kupitia hapa, tukakata upande huu na upande huu, tukaunganisha, tukarudisha ndani. Uvimbe wenyewe ulikuwa kama limau. Sasa uko maabara. Kama ni saratani, nitawaambia wote wawili, wala sitaficha. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi. Lakini tulichokiona, tumekitoa."

Fundi akakaa sakafuni, pwata, kama gunia.

"Kwa hiyo we baba," mkewe akasema, "ulikuwa unanizika huku umeniwekea mto?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani mimi kochi!"

Akataka kucheka, tumbo likamchoma, akalishika kwa mikono miwili, na kicheko kikageuka machozi. Shemeji naye akaachia kilio. Hakuna aliyesema yamekwisha. Majibu ya maabara yalikuwa bado hayajatoka, na wote walilijua hilo.

Mwisho mgonjwa akajifuta kwa kona ya shuka. "Leteni huo uji. Nanyi mmekula?"

Hakuna aliyetia kitu mdomoni tangu jana.

"Nilijua. Dada, fungua hilo hotpoti. Mimi sinywi huku nakodolewa macho kama maiti."

Nesi akajifanya hajaona. Shemeji akapakua wali, Fundi akainuka akavuta benchi mpaka ubavuni mwa kitanda. Mgonjwa akashika kikombe chake cha uji, akawasubiri wakae. Wakakaa wote, wakaanza kula.