Kigelegele cha Shangazi

Ukitaka kumkera Zuwena, mwambie anyamaze. Daktari wa meno pale Kibaha akamwambia hivyohivyo, tena kwa adabu zote, na tena katika kipindi kibaya kuliko vyote. Kule Vihingo, Kisarawe, Yasmin binti wa kaka yake alikuwa ndani, mwali anayesubiri kutolewa, na katika ukoo wao ngoma haiguswi mpaka shangazi mtu apige kigelegele cha kwanza. Shangazi mtu ni Zuwena, hakuna mwingine. Na kigelegele chake si cha kuombea radhi. Kikitoka, hata walio shambani huweka jembe chini.

Gego lake la mwisho lilikuwa limeota ubavuubavu, ikabidi apasuliwe ufizi litolewe vipande vipande. Daktari Evodius alimpa dawa na maelekezo. Siku ile anyamaze, asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinywe kitu kwa mrija, maana damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo kifuniko cha kidonda, ikitoka mfupa unabaki wazi. Kuanzia kesho yake asukutue polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, meno mengine aendelee kuyapiga mswaki kwa upole, na dawa azimalize hata akijisikia mzima.

Zuwena akayashika yote, akawa anajisifu kwa majirani kwa ishara za mikono. Lakini mwili una mazoea yake. Kesho yake adhuhuri, akitia udhu na mawazo yote yako Vihingo, akajaza maji mdomoni, akayazungusha shavu hadi shavu kama alivyofanya tangu utotoni, akayatema kwa kishindo. Ndipo akakumbuka. Alibaki ameshika kata, akiyachungulia maji kama yana damu.

Tangu hapo kioo hakikumtoka mkononi. Juma lilipogeuka na siku ya mwali ikawa imeshabisha hodi mlangoni, akamulika kwa tochi ya simu, akaona kitu cheupe kwenye kidonda. Usaha! Akapiga picha amtumie daktari, na kwa kiherehere chake akaituma kwenye kundi la familia. Ukoo mzima, wakiwemo wakwe, wakaliona koo la Zuwena mpaka kwenye kimio.

Simu ya kwanza ilikuwa ya wifi yake Mwanne, mama wa mwali.

"Wifi, hicho ni kidonda kimeoza! Kikwangue kwa njiti, kisha tia ugoro kidogo. Marehemu bibi ndivyo alivyofanya."

"Na alipona?"

"Alivimba shavu, lakini mwisho wake alipona. Wifi, usituangushe. Mwanao Yasmin kila siku anauliza kama utakuja na sauti yako."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Zuwena kuliko sindano ya ganzi. Akachukua njiti ya kibiriti, akasimama mbele ya kioo, akapanua kinywa. Akafikiri: nikikosea hapa, mtoto wa watu anatoka kimyakimya kama anayekwenda dukani. Akaitupa njiti, akajitanda kanga, akapanda bodaboda mpaka kliniki.

"Shikamoo mama," daktari Evodius alimpokea.

"Marahaba, baba. Nimeharibu. Nilisukutua kwa nguvu, sasa kidonda kinatoa usaha."

Daktari akamketisha, akachungulia. "Maumivu yanazidi au yanapungua?"

"Yanapungua. Jana nimekula ndizi."

"Homa? Shavu linavimba zaidi? Unasikia ladha mbaya, harufu?"

"Hapana. Hofu tu, hiyo ipo tele."

Daktari akacheka. "Huu si usaha, mama. Ni utando wa kidonda kinachopona. Chini yake nyama mpya inaota. Ungeukwangua ungejifungulia kidonda upya na kukitia uchafu. Siku ile Mungu alikusitiri, damu ilikuwa imeshika. Hayo niliyokuuliza ungeyaona, ndipo ungenijia mbio, hata usiku."

Zuwena alitaka kumkumbatia, akajizuia kwa heshima.

"Sasa daktari, Jumamosi nina kigelegele."

"Kikubwa?"

"Mimi sina kidogo."

Daktari akaangalia tena, akabonyeza ufizi taratibu, akauliza kama unauma. Hauumi. "Piga, mama. Ukisikia panavuta, acha."

Jumamosi Vihingo ilifurika. Sare zilimeta, wapiga ngoma wakawa wamekaa na mikono mapajani, wanamtazama shangazi. Mwali akatolewa amefunikwa kanga, kichwa chini kama alivyofundwa, asiinue uso wala kufungua mdomo hata iweje. Zuwena akasogea mbele. Furaha ilimpanda mpaka miguu haimtulii, na hofu nayo ikampanda hapohapo. Wakangoja. Mwanne akafumba macho.

Akapanua kinywa, akaachia. Kikatoka! Kikapanda juu ya mabati, kikazunguka kikarudi, na pale shavuni hapakuvuta wala kuuma. Ngoma zikalipuka zote kwa pamoja.

Mwali akaisahau miiko yote aliyofundwa. Akafunua kanga, akainua uso uliolowa machozi na kucheka, akapaza sauti mbele ya umati mzima:

"Shangazi, umepona!"

Makungwi wakashika vichwa. Zuwena hakuwa na muda nao, alikuwa anavuta pumzi ya kigelegele cha pili.